Ua la Kwanza la Bustani Yenu

Mpendwa binti yangu Dorcas, wewe ninayekuita Mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu wa Kapolowe,

Kwanza kabisa: sikushuka shimoni. Nimeliweka hili juu ya barua yote, ili ukitaka kusoma mstari mmoja tu na kurudi kwenye vitabu vyako huko Kinshasa, uwe umeshapata cha kukulaza vizuri. Binamu yako aliyekupigia simu akasema ameniona Kakanda hakudanganya. Nilikwenda Kakanda, kwenye machimbo. Nilivaa hata zile buti zangu za zamani. Lakini sikushuka, na kilichonipeleka nitakueleza nikifika huko, usinikimbize. Uliponiuliza, "Papa, ni kweli ulirudia Kakanda?" mtandao ukakatika kabla sijafungua mdomo, na mimi nikabaki nimeshika simu kama mjinga, nikijua wewe huko umeshaanza kulia. Tangu hapo kila nikipiga, haipokelewi. Kichwa kigumu umekitoa kwangu, sikulaumu.

Barua ni yako, ila Madame, mwalimu wenu wa zamani, ameomba nakala aibandike kwenye ubao wa shule, watoto wapya wajue bustani wanayoimwagilia maji ilianzaje. Ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka hivi, amenisaidia. Maneno ya watu nimemkatalia asiyaguse. Mama yako akisema, aseme kama mama yako.

Unalikumbuka lile sanduku? Rafiki zake Madame, walimu wa shule moja ya Ulaya, ndio walilituma. Lililala forodhani hadi watu wakalisahau, likafika Likasi Pasaka imeshapita. Mlilifungua darasani mkidhani ni vitabu, mkakuta vitunguu. Ulikuja nyumbani unacheka umeshika tumbo. Halafu ukatuketisha mimi na mama yako, ukatueleza kama mwalimu: si vitunguu hivi, ni tulipe, ni maua. Huko kwao wanafunzi wa miji mingi hupanda ua hilohilo moja, kisha kila mji unaandika siku ua lake la kwanza limefunguka, na kwa kufuata maua, mji hadi mji, wanaiona printemps, majira yao ya maua baada ya baridi, inavyotembea kwenye ramani kama mgeni anayekuja kwa miguu.

Ukasema mwenzako mmoja aliuliza, "Madame, huku kwetu printemps inafikaka mwezi gani?" Madame akacheka, akasema huku haifiki. Sisi tuna vumbi na tuna mvua, basi. Mkakubaliana kwamba tulipe zenu zitangojea mvua. Mtapanda kiangazi, na siku ua la kwanza litakapofunguka mtaandikia Ulaya kwamba Likasi imepata mvua yake.

Mama yako alikuwa anasikiliza huku anakoroga bukari, ugali wetu. Mimi nilikuwa nasikiliza neno moja tu, mvua, na nilikuona na wewe umelisikia.

Watoto wa shule wanaosoma barua hii hawajui, kwa hiyo niliseme wazi. Siku zile nilikuwa mchimbaji wa shaba. Jumatatu naondoka kwenda Kakanda, Jumamosi narudi na vumbi la kijani masikioni. Mimi ndiye niliyekuwa nashuka wa kwanza, nagonga kuta, nasikiliza, halafu wengine wanafuata. Na kila mwaka mvua zikianza, shimo la hawa au la wale lilikuwa linakwenda na watu. Ulikuwa bado mdogo sana ulipoanza kukataa chakula kila wingu lilipotanda. Ulichotaka kwangu kilikuwa kitu kimoja, nitoke kabla ya mvua. Na mimi kila mwaka nilikubali, halafu nikasubiri kidogo, tena kidogo, kwa sababu shimo huwa zuri karibu na mvua. Sijui ni shetani gani analipangia.

Basi Madame akasema tulipe haifunguki kama haijaonja baridi, na baridi yetu, hata ile ya Juni inayotukalisha ndani na makoti, haitoshi. Nani mtaani kwetu ana baridi? Mama yako, muuza samaki wa barafu. Ulimbembeleza siku nyingi. Sitasahau alivyosimama mbele ya friji yake kubwa amefungua mikono kama polisi wa barabarani.

"Dorcas, ile vitunguu yako itanuka samaki, ao samaki yangu itanuka vitunguu?"

"Ata moya haitanuka, Maman. Niliifunga mu sachet mbili."

Ziliingia, na mifuko yake miwili ya plastiki. Zikakaa chini ya samaki, umeme ukikatika zinalowa maji ya samaki, umeme ukirudi zinaganda upya. Sasa mimi si mtu wa shule, lakini nilipozigusa Jumamosi moja nikakuta ngumu kama mawe, nilijua kabisa hapo hakuna ua. Nikacheka moyoni. Na jioni hiyo, mezani, ulipoanza tena wimbo wako, Papa mwaka huu utatoka siku gani, Papa sema siku, nikapata jibu lenye akili sana.

"Siku ua ya kwanza itafunguka mu ile bustani yenu, miye natoka mu shimo. Natoka kabisa, sirudie."

Niliona nimejinasua. Sikujua nimejifunga. Kwetu neno lililosemwa mezani, kabla ya kuombea chakula, mama yako hulichukua na kulitia kwenye maombi palepale, na ukishasema Amina juu yake umekwisha. Aliweka mwiko chini. Akafumba macho. Akamwambia Mungu kila neno nililolisema, bila kupunguza, akaongeza na jina langu lote la ubatizo, Mungu asije akanichanganya na mtu mwingine. Akamaliza, akangoja.

"Sema Amina," ulinihimiza.

"Amina," nikasema. Bukari ilikuwa inapoa.

Mlipanda mwisho wa mwaka wa masomo, nyuma ya darasa lenu, matuta yamenyooka vizuri na mawe meupe pembeni. Nilipita kuona, nilijisikia fahari hata kama nilikuwa nacheka. Usiku wake tu paka wa mtaa mzima walikuja. Paka, jamani! Sachet mbili hazikusaidia kitu. Zile tulipe zilinuka samaki kuliko samaki wenyewe. Asubuhi mlikuta matuta yamefukuliwa, zilizobaki zimetafunwa, nyingine zimeoza zinatoa maji. Ulilia kwa hasira. Ulisema hutamsalimia paka tena maishani mwako.

Na Madame alitakiwa kutuma picha Ulaya. Mliona aibu, mkasema haiwezekani picha ya mashimo ya paka iende kwa watu. Wewe ndiye uliyekumbuka shambani kwa bibi yako Kapolowe, lile ua jekundu, la mviringo kama mpira wa watoto, linalotoka kwenye ardhi kavu bila jani hata moja wakati mvua zinajipanga kuja. Nalo lina kitunguu chake chini. Mlikwenda siku ya mapumziko hadi upande wa Buluo, kwenye kichuguu kilicho na miti, mkachimba. Mkajaza kila shimo la paka. Madame akapiga picha ya udongo uliosawazishwa, ikaenda. Mkaliita ua hilo tulipe ya kwetu, mkamwagilia kwa zamu likizo nzima.

Hayo yote mimi nilisikia nusunusu. Nilijua tu kwamba tulipe zimeliwa na paka, na nilimwambia hivyo kila mtu kule Kakanda, tukacheka hadi mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, akatufokea turudi kazini.

Jakaranda zikachanua Likasi, zikamwaga maua barabarani, joto likaja lile la kukausha mate. Halafu ikanyesha ile mvua ndogo, mvua ya maembe, robo saa tu, vumbi likanuka vizuri. Na sisi ndiyo tulikuwa tumeupata mshipa wa madini mzuri kuliko yote ya mwaka. PDG alisema, "Hii ni ya maembe tu. Ya kweli iko mbali." Nilimkubalia. Ukuta ulikuwa unatoa kijasho kidogo upande mmoja, nilikiona, nikasema kesho nitauangalia vizuri.

Kesho yake nikasikia jina langu kutoka juu. Si jina la kazini, jina la nyumbani. "Papa Dorcas! Papa Dorcas!" Kabwe, rafiki yangu aliyekuwa anashika kamba, aliinama kwenye mdomo wa shimo akaniambia nipande, kuna watu wangu. Mama, kule chini ukiitwa hivyo unajua msiba umeingia nyumbani. Nilipanda mbio. Nikatoa kichwa, jua likanipiga machoni, nikauliza kabla sijaona hata sura ya mtu.

"Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa," ulisema. "Ua imefunguka."

Ulikuwa umesimama na sare ya shule, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi la pikipiki, umelikumbatia kopo la maziwa lenye udongo na ua ndani yake. Mama yako nyuma yako ameshika mfuko. Wachimbaji walicheka, wee! Mmoja akapiga vigelegele kama kwenye harusi. "Banamuletea fleur! Leo njo anaolewa!" Na mimi, badala ya kumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa, nikakasirika. Nikakwambia hiyo si tulipe. Tulipe zililiwa na paka, kila mtu anajua.

Hukupandisha sauti. Hilo ndilo lililonimaliza. "Papa, ulisema ua ya kwanza mu bustani yetu. Hii njo ya kwanza. Na ulisema Amina."

Nilimtazama mama yako anisaidie, mtu mzima kwa mtu mzima. Alifungua mfuko, akatoa shati langu la kanisani, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa. Akalikunjua mbele ya wachimbaji wote.

"Vala," akasema.

Nani anashuka shimoni na shati la kanisani? Nililivaa juu ya vumbi na jasho langu. Nikafunga vifungo kimoja kimoja kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. PDG alipiga kelele kwamba naacha mshipa, kwamba nitaona. Nikamwambia Kabwe, kwa kunong'ona, upande ule ukuta unatoa jasho. Tukapanda pikipiki watatu na dereva wa nne, wewe katikati na kopo lako. Njia nzima sikukusemesha. Nilikuwa nimekasirika kweli, Mama, na mkono wako ulikuwa umenishika shati mgongoni kwa nguvu, kana kwamba ningeweza kuruka.

Mvua ya kweli ilikuja Jumapili, tuko kanisani. Mchungaji alikuwa anahubiri, mabati yakaanza kupiga kelele, akanyamaza tu maana hakuna aliyekuwa anamsikia. Ilinyesha ile ya kufunga macho. Uliniangalia, ukaangalia paa, ukaniangalia tena, na kwa mara ya kwanza nikaona mwanangu anasikiliza mvua bila kukunja uso.

Ilipopungua, Kabwe akatokea mlangoni. Buti zina matope hadi magotini, kofia mkononi. Nilitoka kwenye benchi nikamfuata.

"Shimo ilianguka," akasema.

"Nani alikuwa mu ndani?"

"Ata mutu moya."

"Kabwe, usinidanganye."

"Ata mutu moya, kaka. PDG alitafuta mutu wa kushuka wa kwanza, siye tulikatala. Tulikuwa tunakungojea weye."

Nilikaa chini palepale mlangoni, na shati langu jeupe, nikaanza kucheka. Nilicheka sikuweza kuacha, machozi yanatoka, na akina mama wa kwaya wakaanza kusema Roho amenishukia, wakanizunguka wakaimba. Wacha waimbe. Wewe ulikuja ukakaa kando yangu sakafuni na sare yako ya kwaya, ukaweka kichwa begani kwangu, hukusema "nilikuambia". Mtu mwingine angesema. Mimi ningesema.

Sikurudi. Shule ilikuwa inatafuta mlinzi, Madame akanisemea, na hivyo ndivyo nilivyokuja kuilinda bustani niliyoicheka. Unayajua hayo. Usichokijua, kwa sababu uliondoka na huoni ya kila siku, ni jinsi mama yako anavyolala. Zamani mvua ikigusa bati alikuwa anakaa kitandani amekumbatia magoti hadi kunakucha, hata siku niliyokuwa nyumbani kando yake, mwili wake ulishazoea. Sasa inanyesha, yeye anakoroma. Anakoroma hadi naamka mimi! Nalala pale nasikiliza mvua na mkoromo, na nasema moyoni, asante, asante, hata sijui nasema kwa nani zaidi, kwa Mungu au kwako au kwa wale paka.

Sasa Kakanda.

Mwaka huu, jakaranda zilipoanza, Kabwe alinipigia simu. Yeye hakuacha, ana watoto, ana kichwa chake. Akaniuliza kama kwa mzaha, "Ile ua yenu ya kule shule, ilisha kufunguka?" Nikamwambia bado. Siku zikapita, akauliza tena. Kila akipiga ananiuliza habari za nyumbani kidogo tu, halafu ua. Nikaelewa kwamba hachezi. Kikundi chao kizima kilikuwa kinangojea neno langu kutoka Likasi, na mtandao wa kule unaujua ulivyo, hata huu wa Likasi umetukata mimi na wewe. Nikawaza, ua likifunguka, nikapiga, simu isishike, je?

Nilikwenda kwa Madame, nikaomba vitunguu vichache vya tulipe ya kwetu. Watoto wa darasa lenu la zamani walivichimbua wenyewe, wakavitia kwenye kopo la maziwa na udongo wake. Walitaka kuvifunga sachet mbili nikawakataza. Nikavaa buti kwa sababu njia ni mbaya, ndizo binamu yako alizoziona. Nikafika, wachimbaji wapya hawanijui, wa zamani wakapiga vigelegele vilevile. Nilipanda tuta dogo kando ya njia wanayopita wote kushuka, nikalizungushia mawe meupe. PDG mpya aliuliza ni kaburi la nani. Nikamwambia si kaburi.

Halafu nikamkalisha Kabwe na wenzake chini, nikaomba chakula kiletwe kwanza. Nikawaambia waseme wenyewe, kwa vinywa vyao, siku watakayotoka. Wakasema: siku ua la tuta hili litakapofunguka. Nikaombea, na majina yote ya ubatizo, sikupunguza moja. Wakasema Amina. Nikala nao, nikapanda pikipiki, nikarudi kwa mama yako kabla ya giza. Hiyo ndiyo safari yangu yote ya Kakanda.

Leo asubuhi nilipokuwa nafungua lango la shule niliona jekundu nyuma ya darasa lenu. Moja tu, limetoka kwenye vumbi bila jani. Watoto walikimbia, wamelizunguka, wanaandika, wanapigana nani atamwambia Madame. Nilijaribu kumpigia Kabwe, haikushika, haikushika. Kumbe naye alikuwa ananipigia. Alipoingia hewani sauti ilikuwa inakatika, lakini nilipata nilichokitaka: la kwao limefunguka tangu jana, na wametoka shimoni wote, na yuko njiani anakuja nyumbani kwa mkewe, na je, nina shati la kumwazima, maana lake ni chafu.

Nilimwambia ninalo. Lile lile.

Kwa hiyo pokea simu yangu, Mama. Kula vizuri. Ukiona wingu huko Kinshasa usiache chakula. Mama yako anakusalimu, anasema friji yake bado inanuka kitu na anajua ni kitu gani.

Ua limefunguka leo, na mimi niko nje.

Baba yako,
aliyesema Amina